Kalibu ya vijumba sita vya tangawizi: nzuri, ila kona zake zina masharti

Ukiitazama kalibu hii ya kuokea keki unaona paa lenye vigae, madirisha yenye fremu, mlango, hata dohani. Keki inaweza kutoka hivyo hivyo, kigae kwa kigae, lakini si kwa kila rojo wala si kwa kila namna ya kupaka mafuta. Kila mfereji unaoifanya nakshi ipendeze ndio huo huo keki inaponasa.

Kwanza tuelewane: hiki si kifaa cha kujengea nyumba ya biskuti. Ile nyumba ya tangawizi ya kawaida, kuta na paa hukatwa kwenye biskuti ngumu, zikagandishwa kwa aisingi, na ikasimama mezani wiki kadhaa. Hapa unapata keki laini yenye umbo la nyumba. Hakuna ukuta wa kuanguka wala cha kuunganisha, ila baada ya siku tatu hivi inaanza kukauka. Anayetafuta pambo la msimu mzima asiinunue. Wala asijaribu kushindilia donge la biskuti ndani yake: haliingii kwenye kona, na litaungua nje huku ndani likiwa bado bichi.

Tunayoizungumzia ni ya alumini nene ya kumiminwa, yenye mpako mweusi usiogandisha na vishimo sita vya wastani wa mililita 240. Nyumba huokwa kichwa chini. Paa liko chini kabisa na sakafu ndiyo inayotazama juu. Unene huo ndio unaolipiwa, kwa sababu joto husambaa sawasawa na kingo za nakshi hubaki kali. Kalibu za bati jembamba huwa na nakshi butu na huunguza kona kabla kitovu hakijaiva. Za silikoni huachia keki kirahisi, lakini keki haipati rangi nzuri ya kahawia, vigae hutoka vya mviringo, na lazima ziwekwe juu ya trei ngumu kabla ya kujazwa, la sivyo zinayumba njiani kuelekea oveni.

Rojo linalofaa ni zito kiasi na halifuruki sana. Kwa vishimo sita chukua gramu 300 za unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai (kilichosawazishwa juu) cha magadi soda ya kupikia keki, vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja na nusu cha mdalasini, robo kijiko cha karafuu ya unga, kungumanga kidogo na nusu kijiko cha chumvi. Kando, piga gramu 115 za siagi laini na gramu 150 za sukari ya kahawia kwa dakika mbili tu, ongeza mayai mawili moja moja, kisha gramu 170 za molasi (shira nzito nyeusi ya miwa). Tia unga kwa awamu tatu ukipishanisha na mililita 180 za mtindi mwepesi. Asidi ya molasi na ya mtindi ndiyo inayoamsha magadi, kwa hiyo ukibadilisha mtindi kwa maziwa matamu, keki inaweza kuzama na kuacha ladha ya sabuni. Dakika mbili za kupiga siagi nazo si uvivu. Hewa ikizidi, mapovu hunasa kwenye nakshi na dirisha hutoka na tundu. Unga ukishaingia, koroga mpaka usiuone tena, kisha acha. Ukiendelea, keki hukakamaa na kuota nundu.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo wengi huilaumu kalibu bure. Siagi iliyoyeyushwa si chaguo zuri: ina maji na chembe za maziwa, na chembe hizo zikiungua hugeuka gundi. Samli au mafuta mgando ya kupikia hufanya kazi vizuri zaidi. Paka kwa brashi ndogo, ukianzia kwenye dohani na kilele cha paa, kisha vigae kimoja kimoja, ukipeleka brashi kwa pande zote, kwa kuwa mfereji uliopakwa upande mmoja bado ni mtego. Tabaka liwe jembamba. Mafuta yakituama kwenye dohani, rojo haliingii na dohani hutoka kisiki. Nyunyiza kakao, igeuze kalibu na kuigongagonga mpaka kila kona ishike, kisha pindua umwage iliyozidi. Unga mweupe ungefanya kazi ile ile, ila huacha mabaka kwenye keki ya kahawia kama chokaa iliyobanduka. Paka kalibu ikiwa baridi na muda mfupi kabla ya kujaza. Ikiwa na uvuguvugu, mafuta yote huteremka chini na kuta hubaki kavu. Mafuta ya kopo ya kupuliza yenye lesithini (kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji) yaepuke kabisa kwenye mpako huu. Huacha utando wa kunata unaojijenga kidogo kidogo, na baada ya matumizi kadhaa kalibu isiyogandisha huanza kugandisha.

Jaza kwa mfuko wa kupambia uliokatwa ncha, ukiigusisha karibu na dohani ili rojo lisukume hewa kuja juu. Kijiko nacho kinatosha, ila lazima usukume kwa kijiti. Ishia theluthi mbili, yaani kama mililita 160 kwa kishimo cha wastani. Kisha gonga kalibu juu ya taulo lililokunjwa mara nane au kumi.

Kasoro halisi ya muundo wake ni hii: vishimo havilingani. Nyumba sita zina sura sita, na ile nyembamba yenye paa refu hubeba rojo kidogo kuliko ile pana. Ukigawa kwa mizani sawa kwa sawa, moja itafurika na nyingine itatoka mbilikimo. Pima kwa kina cha kishimo, si kwa uzito. Hata hivyo nyembamba huiva dakika tatu au nne mapema, na kwa kuwa zote ziko kwenye kipande kimoja, huwezi kuitoa peke yake. Ipe nafasi iliyo mbali na upande wenye moto mkali wa oveni yako. Kasoro ya pili ni ndogo lakini inaudhi: haina vishikio, na ikiwa moto na nzito hivyo, kitambaa chochote kinachoning'inia huchovya kwenye sakafu za nyumba.

Mapishi yakisema nyuzi 180, weka 165, kwa sababu mpako mweusi hunyonya joto kuliko alumini inayong'aa. Anza kuangalia dakika ya 22. Nyingi huwa tayari kati ya 24 na 28. Kijiti kitoke na chembe chache kavu, si rojo.

Zikitoka, ziache kwenye kalibu dakika kumi. Ukizigeuza mapema keki bado ni tepetepe na dohani hubaki ndani. Ukichelewa nusu saa, sukari iliyoyeyuka hupoa ikashika chuma. Ndani ya dakika hizo kumi, kata nundu kwa kisu cha mkate ukikiinua kidogo kisiguse ukingo, ili usikwaruze mpako. Bila kukata, nyumba itasimama imeinama. Funika kwa waya wa kupozea, geuza vyote pamoja, gonga mgongo wa kalibu, subiri. Isiposhuka, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto juu ya kishimo kwa dakika moja. Kisu cha kuchokolea kisahau.

Kupamba ni kazi fupi, kwani nakshi imeshafanya nusu yake. Gramu 30 za ute wa yai uliopasteurishwa (uliopashwa moto kuua vijidudu) na gramu 170 za sukari ya aisingi hutoa aisingi inayosimama kwenye vigae bila kuteremka. Keki iwe imepoa kabisa. Theluji, yaani sukari ya aisingi, ichekeche juu dakika za mwisho. Keki hii ina unyevu mwingi na ndani ya saa moja theluji huwa imemezwa. Usipambe siku ya kuoka kama una nafasi: funga vijumba vizuri, visubiri usiku mmoja, viungo vitakolea na molasi italainisha ukoko.

Kuosha ni kwa mkono, maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Sabuni kali za mashine ya kuoshea vyombo huitia weusi alumini upande usio na mpako. Subiri kona zikauke, hasa kwenye dohani: kakao iliyobaki na maji huganda kama udongo, na uokaji unaofuata utaanza na paa lenye pengo.