Diski ya Mwanamfalme Achmed: Inafaa Kununua?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mkononi nina diski ya Blu-ray ya filamu ndefu ya katuni ya mwaka 1926, na tafadhali usiihame video hii kwa kusikia huo mwaka. Inaitwa "Die Abenteuer des Prinzen Achmed", visa vya Mwanamfalme Achmed kutoka Alfu Lela u Lela. Aliyeitengeneza ni Lotte Reiniger, mwanamke wa Berlin, na ilipotoka alikuwa na miaka 26 tu. "Snow White", katuni ndefu ya Disney, ilikuja 1937, kwa hiyo bibi huyu alimtangulia kwa miaka 11.

Wahusika ni vivuli vitupu. Ngoja niisimamishe hapa, mchawi anapoinua mkono. Umeviona vile vidole? Kila kimoja kimekatwa kwa mkasi. Mwili wake ni vipande vya kadibodi nyeusi na bati jembamba la madini ya risasi, vimeungwa kwa waya kwenye maungio. Unamlaza juu ya kioo, taa inamulika kutoka chini, kamera iko juu. Unasogeza kiwiko kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Carl Koch, mume wake, ndiye aliyeshughulikia kamera. Miaka mitatu hiyo! Walifanyia kazi juu ya gereji ya tajiri wa benki, Louis Hagen, kule Potsdam. Hagen alikuwa amenunua shehena ya filamu ghafi, yaani mikanda isiyopigwa picha bado, wakati mfumuko wa bei ukiila pesa ya Ujerumani, akaona heri imfae msichana huyu.

Picha ikoje? Negativu za mwanzo, yaani mikanda yenyewe iliyotoka kwenye kamera, zilipotea, na ukarabati wa miaka ya 1990 ulitegemea nakala iliyohifadhiwa London. Mikwaruzo ipo, ila rangi za nyuma, njano, buluu na nyekundu, zimerudi vizuri. Muziki ni ule aliotunga Wolfgang Zeller.

Sasa kinachonikera. Mbaya wa hadithi anaitwa waziwazi "mchawi wa Kiafrika". Najua, hata kwenye kisa cha Aladdin mchawi anatoka Maghribi, lakini hapa wamemchonga atishe kwa sura tu. Ukiangalia na watoto, liseme hilo.

Baadaye maisha hayakumnyookea. Wanazi waliposhika nchi, yeye na Koch waliondoka, wakawa wanahama nchi hadi nchi kadiri viza zilivyoruhusu. Mwaka 1949 wakahamia London, akaendelea kukata hadithi fupi za watoto kwa ajili ya televisheni. Alifariki 1981.

Nunua? Ndiyo. Kuna sehemu katikati zinazokokota, sikufichi, ila pambano la bibi mchawi na yule mchawi peke yake linarudisha pesa yako: simba, nyoka, nge, jogoo, mpaka wanarushiana moto. Filamu haisemi, ina maandishi tu, na tafsiri ya Kiswahili hakuna. Mwenye watoto wadogo ajiandae kuwasimulia mwenyewe.