Gemu tulivu za kucheza pamoja 2026: ipi uitengee hela, ipi uiache kwanza

Kabla hujauliza gemu ipi nzuri, jiulize unacheza na nani na huyo mtu atakuwa amekaa wapi. Maana trela za hizi gemu tulivu zote ni ndugu, jua linazama, kuna paka, kuna mtu anamwagilia karoti, gitaa linalia kwa mbali, unaangalia unajisemea hii hii, halafu inatoka unanunua ndo unagundua mwenzako naye anatakiwa anunue kopi yake, au wawili hamuwezi kucheza kwenye skrini moja, au mnaweza ila mchezaji wa pili ni kijidudu tu kinachookota nyota huku gemu yenyewe unaicheza wewe.

Mi yalishanikuta. Kuna gemu moja ya shamba, sitaitaja, niliinunua ikiwa bado mbichi kwa sababu waliandika kucheza pamoja kunakuja karibuni, nikamkazania mdogo wangu na yeye akanunua ya kwake, miezi ikakatika kila mtu analima kivyake tunatumiana picha za maboga. Basi toka siku hiyo nazipanga gemu kwa kipimo kimoja tu: nikitoa uwezo wa kucheza wawili, je gemu inabaki vilevile? Ikibaki vilevile, inashuka chini kwenye orodha yangu hata iwe nzuri vipi.

Kwa kipimo hicho, za kusubiri mwaka huu ziko hivi.

1. Out of Words

Hii ndo ya kwanza na wala sijapepesa. Ilitangazwa Juni 2025 na inatengenezwa Denmark, ni ya watu wawili tu, iwe mmekaa pamoja au kila mtu kwake. Hadithi ni ya Kurt na Karla, watoto wawili waliopoteza midomo yao, yaani midomo imetoweka usoni kabisa, wakati kuna jambo walitaka kuambiana. Sasa kilichonimaliza ni hiki: vikaragosi na mandhari vimetengenezwa kwa mikono, udongo na vitambaa vya kweli, vikapigwa picha moja moja kama zile filamu za vikaragosi, kwa hiyo ukisogea karibu na skrini unaona kabisa sehemu kidole kilipobonyeza. Wakati kila gemu inakimbilia kung'aa, hii ina alama za vidole.

Na kwa kipimo changu inapita, kwa sababu bila mtu wa pili hakuna gemu. Ni ya kuruka na kutatua mafumbo kwa hiyo kama mwenzako hajawahi kushika kontrola mpe muda, kuruka ndo kunawatesa wageni kuliko hata mapigano, usimnyang'anye kontrola umrukie wewe, muache aanguke mara ishirini.

2. Big Walk

Kama rafiki zako wametawanyika, mmoja huku mwingine kule, hii ndo yenu. Wanaoitengeneza ni House House wa Melbourne, wale wa Untitled Goose Game ya 2019, gemu ya bata bukini msumbufu ambayo mwaka uliofuata waliiongezea mchezaji wa pili bure. Big Walk ilitangazwa Desemba 2023, ilikuwa itoke 2025 ikasogezwa 2026. Ni matembezi. Kweli, mnatembea kwenye nchi kubwa ya wazi mkitatua mafumbo na kupiga soga, ila sauti inafuata umbali, mwenzako akienda mbali na sauti yake inafifia, akivuka kilima humsikii tena, inabidi mtafutane au muanze kupungiana mikono kama watu wawili walioko ng'ambo mbili za mto. Hapo ndo ujanja wote ulipo. Kinachouzwa hapa ni maongezi yenu wenyewe, kwa hiyo kama kundi lenu ni la watu wanaocheza kimya na maiki imezimwa msipoteze hela.

Hizo mbili ndo nazisubiri kwa moyo. Zinazofuata ni nzuri ila zina masharti.

3. Pokémon Pokopia

Tarehe ipo, Machi 5, 2026, na ni ya Switch 2 ya Nintendo peke yake, kwa hiyo kama huna hiyo konsoli ruka hadi namba 4 na usinunue mashine nzima kwa ajili ya gemu moja. Unakuwa Ditto, Pokémon wa kujigeuza umbo, aliyejifanya mfano wa mtu, unajifunza kazi kutoka kwa Pokémon wenzako, Bulbasaur anakufundisha kuotesha majani, Squirtle anakufundisha kumwagilia, unafufua ardhi iliyokauka unajenga makazi. Mnaweza kuwa wanne. Ukiicheza peke yako inabaki nzima, ndo maana iko ya tatu, lakini kwa mtoto na mzazi sioni ya kuishinda.

Ila soma boksi vizuri. Kopi ya dukani ni kadi ya ufunguo, yaani ndani ya kadi gemu haimo, unaichomeka halafu unapakua gemu yote kwa intaneti na kila ukitaka kucheza kadi iwe imechomekwa. Faida yake unaweza kumuazima mtu au kuiuza ukichoka, hasara yake ni bando na nafasi. Kama intaneti yako ni ya kusuasua lijue hilo kabla mtoto hajafungua zawadi maana hakuna kilio kama cha mtoto anayeangalia asilimia 4.

4. Witchbrook

Hii imesubiriwa mpaka watu wengine wamekua wameacha gemu. Chucklefish ndo wenye nayo, walewale walioisambaza mwanzoni Stardew Valley, ile gemu maarufu ya shamba, na imesogezwa tena hadi 2026. Wewe ni mwanafunzi wa chuo cha uchawi kwenye mji wa pwani unaoitwa Mossport, unahudhuria vipindi, unachuma mimea, unachanganya dawa, unapata marafiki au mpenzi, picha zake za vipikseli ni nzuri mno. Wachezaji mpaka wanne, kwa intaneti. Naiogopa kidogo kwa sababu gemu ikikaa jikoni muda mrefu hivi inatoka ama tamu sana ama imeungua, kwa hiyo hii ni ya kungoja wiki mbili baada ya kutoka usome wenzako wanasema nini kuhusu kucheza pamoja, siyo kuhusu picha.

5. Outbound ni gari la kulala linalotumia umeme, mnaanza na gari tupu mnaokota vitu mnalijengea mpaka linaota vyumba juu ya paa, watu mmoja hadi wanne. Wazo tamu, nitaona demo kwanza, yaani kile kipande cha kujaribu. 6. Orbitals, ya watu wawili, ya Switch 2, imechorwa kama katuni za Kijapani za zamani, ina haraka haraka kidogo kwa hiyo kwangu siyo tulivu kivile ndo maana iko mwisho, ila kama nyie mnapenda kupigiana kelele ipandisheni.

Nje ya orodha kuna Haunted Chocolatier ya yule jamaa aliyeitengeneza Stardew. Aliitangaza Oktoba 2021, hana tarehe, na usiitengenezee bajeti. Itakuja ikija.

Sasa upande wa hela, hapa ndo watu wanapigwa.

Kwanza usilipie kabla gemu haijatoka ili tu upewe kofia ya ziada ya mhusika. Kama ni lazima, basi Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanakurudishia hela wakati wowote kabla gemu haijatoka, na ikishatoka unazo siku 14 na uwe umecheza chini ya masaa mawili. Hayo masaa mawili yatumie vizuri: siku ya kwanza usianze kwa kumvalisha mhusika nguo dakika arobaini, ingia moja kwa moja mjaribu kuunganisha wawili, ikigoma omba hela yako. Mara tatu kwa mwaka pia, Februari, Juni na Oktoba, Steam wana wiki ya demo za bure za gemu zinazokuja, pitia hapo.

Pili hesabu kopi. Ile familia ya Steam inaruhusu watu sita kuazimana maktaba, lakini kopi moja haichezwi na wawili kwa wakati mmoja, mkitaka kuingia pamoja onlaini ni kopi mbili. Ila kama gemu ni ya skrini moja, kuna kitu kinaitwa Remote Play Together, mwenye kopi ni mmoja tu, mwingine anaalikwa kwa intaneti anacheza kama amekaa pembeni yako. Kwa konsoli kumbuka pia ile ada ya kucheza onlaini, inalipwa kila mwezi au mwaka, na huwa haiandikwi kwenye trela.

Tatu, uliza shamba linahifadhiwa kwa nani. Stardew ndo mfano mzuri: shamba linakaa kwenye mashine ya mwenyeji, asipoingia yeye na nyie hamuingii, na siku haiishi mpaka kila mtu apande kitandani au ifike saa nane usiku ya kwenye gemu, kwa hiyo kuna yule mmoja anavua samaki saa saba usiku ya kwenye gemu wenzake wote wamelala wanamngoja. Animal Crossing: New Horizons, ile ya kuishi kisiwani kwenye Switch, ndo kali zaidi, konsoli moja kisiwa kimoja, wa kwanza kuwasha ndo anabeba hadithi na wengine ni wapangaji tu. Kama mko watatu nyumbani, jadilianeni kabla ya kuwasha.

Na kama huwezi kungoja, nunua It Takes Two ya 2021 leo hii. Anayenunua ni mmoja, mwenzake anapakua pasi ya rafiki bure na mnacheza mwanzo mwisho. Kuna sehemu ya karakana pale mwanzoni, mmoja anarusha misumari ukutani mwingine ana kichwa cha nyundo ananing'inia kwenye hiyo misumari kuvuka, ukirusha kombo mwenzako anadondoka, na lawama zote zako. Split Fiction ya 2025 ni ya watengenezaji haohao na pasi ipo vilevile ila ina kasi zaidi. Mkitaka upole kabisa chukueni Spiritfarer, mmoja anasindikiza roho za waliofariki kwa mashua na wa pili ni paka wake, anaitwa Daffodil, na huyo paka anafanya kazi kwelikweli, anavua, anapika, analima. Mi nagombania kuwa paka kila siku.