TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" za rimu na semi-sliki Nairobi. Usilipe kabla tairi halijatolewa kwenye rimu

Wadau wa siku za uwanjani (tunaopeleka magari yetu kwenye uwanja wa mbio), someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook hapa Nairobi. Anauza rimu pamoja na matairi ya semi-sliki (ya mbio, yenye mpira laini na mifereji michache), vyote vikiwa vimeshafungwa na kupimwa balansi, akisema ni mzigo ulioshuka kutoka Japani. Nilimlipa shilingi 165,000. Jumamosi ya kwanza rimu moja ilipasuka nikiwa uwanja wa mbio wa Whistling Morans, kule Athi River. Mimi ni mzima na gari ni zima, kwa sababu tu lilianza kutikisika kabla ya kona na si ndani ya kona.

Simtaji jina kwa kuwa nimeripoti polisi na nina namba ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi). Isitoshe, jina analibadilisha. La kushika ni jinsi anavyouza.

Gari langu ni Impreza WRX STI ya 2006. Wenye Subaru mnajua kwamba STI kuanzia modeli ya 2005 ina boliti za 5x114.3 (yaani tano kwenye duara la milimita 114.3), za kabla yake ni 5x100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Jamaa huyu alizijua namba hizo zote bila kuangalia popote. Aliniuliza, kabla sijamuuliza mimi, kama nina kalipa za breki za Brembo mbele, ili ahakikishe miguu ya rimu (spoku) itazipita. Ndipo nikamwamini. Ukiulizwa hivyo unaona umekutana na mtu anayelijali gari lako.

Alichoniuzia kilikuwa rimu za rangi ya shaba zenye chapa ya Rays TE37 (rimu nyepesi za Kijapani), inchi 17 kwa upana wa 9, na matairi ya Yokohama Advan A050 saizi 255/40. Nilimuomba nizione rimu zikiwa wazi na nizipime uzito. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kutoa tairi la semi-sliki kunaharibu ukingo wake, na kwamba balansi imeshafanywa na mashine nzuri, mbona nizivuruge? Tukakutana kituo cha mafuta Mombasa Road saa mbili usiku. Taa zilikuwa hafifu, rimu zimesafishwa zinang'aa, matairi yamepakwa dawa mpaka ni meusi ti. Pesa akataka ziende kwenye laini yake binafsi, si kwenye namba ya biashara.

Kule kukataa ndiko nilikopaswa kusimama na kurudi nyumbani. Nimechelewa kuelewa kwa nini anauza seti nzima tu, wala hakubali kuuza rimu peke yake. Tairi linaficha tumbo la rimu, na rimu inaficha upande wa ndani wa tairi. Ukivipokea vikiwa vimefungwa, hujaona hata kimoja.

Uwanjani, mzunguko wa kwanza nilipasha moto taratibu. Wa pili gari liliteleza mbele kwenye kila kona, jambo ambalo semi-sliki ikishapata joto haipaswi kulifanya. Wa tatu, nikifunga breki mwisho wa sehemu iliyonyooka, usukani ukaanza kupiga mikononi. Nikaingia pembeni. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limeshuka hadi psi 19, nami nililiacha na 30 asubuhi. Pete za plastiki alizonipa za kuziba tundu la katikati zilikuwa zimelainika kwa joto la breki. Hizo pete, ukizihitaji, tafuta za aluminiamu.

Jumatatu nilipeleka magurudumu yote manne kwa mafundi wa matairi Industrial Area. Tairi la kwanza lilipotoka hakuna aliyesema neno. Ndani ya pipa la rimu (lile tumbo linalofichwa na tairi), nyuma ya mguu mmoja, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole, na ulikuwa umefuata kingo za mahali palipochomelewa zamani. Juu ya pale palikuwa pamepakwa fila, pakapigwa msasa na kupuliziwa rangi ile ile ya shaba. Rimu mbili nyingine zilikuwa na mchomeleo wa namna hiyo hiyo. Msidhani sumaku itawasaidia kutambua fila kama kwenye bodi ya gari, maana aluminiamu haishiki sumaku hata ikiwa safi.

Rafiki yangu, fundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, alikuja na dawa wanayotumia kazini kutafutia nyufa. Unapuliza rangi nyekundu, unaiacha ipenye, unaifuta, kisha unapuliza unga mweupe, na nyekundu iliyojificha ndani ya ufa inajitokeza. Rimu ya nne, ile tuliyodhani ni nzima, ilitoa mstari mwembamba karibu na shimo la boliti.

Kisha tukazipima. TE37 halisi ya saizi ile haifiki kilo 8, kwa sababu inafuliwa: aluminiamu inagandamizwa kwa nguvu kubwa sana mpaka inakuwa imara bila kuwa nene. Hizi zilikuwa kilo 10 na gramu 400. Ni za kusubu, yaani aluminiamu iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Rimu ya kusubu si dhambi, magari mengi yanatoka kiwandani nayo. Lakini iliyopinda, ikanyooshwa, ikachomelewa, haifai hata barabarani, seuze uwanjani ambako breki, joto na ukingo wa kona vinaipiga dakika ishirini mfululizo. Alama za JWL na VIA, za Kijapani za kuthibitisha ubora wa rimu, zilikuwepo, zimechorwa vizuri tu. JWL mwenye kiwanda hujithibitishia mwenyewe, VIA ndiyo inayopitia kwa wapimaji wa nje, na mwenye kughushi rimu hashindwi kughushi herufi sita.

Matairi yalikuwa ya Yokohama kweli, ila yamekufa. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mawili yalisoma 2213, yaani wiki ya 22 ya 2013, na namba zilikuwa zimegeuzwa upande wa ndani. Mawili mengine yalikuwa yamekwanguliwa pale pale penye namba. Mifereji bado mirefu, ndiyo maana picha zake zinavutia. Lakini semi-sliki huisha kwa joto kabla haijaisha kwa kulika. Kila inapopashwa na kupoa inakuwa ngumu zaidi. Bonyeza kwa ukucha: mpira hai unaingia kidogo na kurudi, huu ulikuwa kama meza.

Nilipompigia alisema nimegonga shimo. Nikamtumia picha za mchomeleo, akanifungia. Wiki mbili baadaye picha zile zile za tangazo zilirudi kwa jina jingine. Tangu hapo nimeongea na watu wawili aliowatenda. Mmoja alituma amana ya 40,000 na hakuona hata boliti. Mwingine, kijana mwenye gari la 5x114.3, aliambiwa rimu za 5x112 "zinaingia tu". Kuingia zinaingia, kwa kulazimisha, na stadi (skrubu zinazoshika gurudumu) zinabaki zimevutwa kando hadi siku zitakapokatika. Nawaomba, mkisikia mtu anasema hivyo, kata simu.

Mwenye mali halali hatakasirika ukimwambia mkutane mchana kwa fundi wa matairi unayemchagua wewe, na gharama ya kutoa na kurudisha utalipa wewe. Beba mizani ya kuning'iniza. Pitisha vidole ndani ya pipa lote, polepole, hasa nyuma ya miguu, ukitafuta rangi nene au mahali palipo laini kuliko jirani yake. Zungusha rimu kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu uone kama inayumba. Soma tarehe kwenye matairi yote manne. Na kama bajeti ni ndogo, rimu za kiwandani za gari lako pamoja na matairi mapya ya kawaida ya michezo zitakupa siku nzuri uwanjani kuliko jina kubwa lililochomelewa.

Sasa hivi anatangaza seti ya 5x100 kwa wenye GT86 na BRZ, rangi ya shaba tena, inchi 17, na picha imepigwa juu ya mkeka wa bluu. Kama umeshainunua, usiingie nayo uwanjani wikendi hii. Toa matairi kwanza, piga picha za ndani, kisha nitumie ujumbe faraghani nikupe namba ya OB tuunganishe malalamiko.