Kurudisha hifadhidata nzima nyuma, au kutengua kosa peke yake
Tuchukue chama cha akiba na mikopo mjini Mbarara: karani anataka kusahihisha salio la mwanachama mmoja, anasahau kuandika sharti la kumchagua, na saa 4:12 asubuhi salio la kila mwanachama linakuwa shilingi 50,000.

Njia ya kwanza ni kurejesha nakala rudufu ya usiku kwenye seva nyingine, kisha kuipitishia kumbukumbu za miamala, yaani faili zinazoandika kila badiliko, hadi saa 4:11. PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, huifanya vizuri, mradi kumbukumbu hizo zimehifadhiwa bila pengo tangu nakala ilipochukuliwa. Huokoa hata jedwali lililofutwa zima, lakini huacha nje malipo halali yaliyofuata kosa.

Njia ya pili huiacha hifadhidata ilipo. Kumbukumbu ya MariaDB, programu nyingine ya hifadhidata, ikiwekwa katika muundo wa safumlalo wenye picha kamili (yaani huandika kila safumlalo nzima iliyobadilika), hubeba thamani ya zamani pamoja na mpya: lilikuwa 1,340,000, likawa 50,000. Kuanzia toleo la 10.2.4, zana yake ya kusoma kumbukumbu inaweza kuandika amri za kinyume, ikianzia badiliko la mwisho. Haiwezi kurudisha jedwali lililofutwa.

Kwa kosa hili ningechagua ya pili, ila baada ya kusimamisha huduma na kupitia miamala iliyofuata mmoja mmoja, kwa sababu mwanachama aliyeweka shilingi 20,000 kwa simu saa 4:20 atazipoteza ikiwa salio lake litarudishwa lilivyokuwa kabla ya kosa.