Uzoefu wangu na kahawa ya Guji iliyokaushwa na maganda yake

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikinywa kahawa ya Guji, kusini mwa Ethiopia, na ninamwandikia msomaji anayetamani kununua kahawa iliyokaushwa na maganda yake lakini anahofia kukutana na harufu ya pombe kikombeni. Hofu hiyo ina msingi. Kwa njia hii tunda zima huanikwa juani kwenye vichanja kwa wiki mbili hadi nne, mpaka unyevu wa buni ushuke kufikia asilimia 11 au 12, na katika muda huo sukari iliyomo kwenye nyama ya tunda huendelea kuchachuka taratibu. Matunda yakirundikwa, au yasipogeuzwa mara kwa mara, uchachu hupitiliza, na hakuna mkaangaji awezaye kuuondoa baadaye. Wakulima wa Kagera, ambao huanika robusta yao, aina nyingine ya kahawa, vivyo hivyo na kuiita kahawa ya maganda, wanalielewa vizuri jambo hili.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kusoma lebo. Mfuko nilionao unataja wilaya ya Uraga, kituo kilichokausha, mwinuko unaozidi mita 2,000 na tarehe ya kukaanga. Kabla ya mageuzi ya biashara ya kahawa ya mwaka 2017 taarifa za namna hii zilikuwa adimu kwa kahawa ya Ethiopia, kwa kuwa sehemu kubwa ilipitia Soko la Bidhaa la nchi hiyo na kuchanganywa kulingana na kanda na daraja. Duka moja hapa Nairobi liliwahi kuniuzia mfuko usio na tarehe, na kahawa yake ilikuwa imekwisha kuwa chapwa. Nashauri mfuko wa aina hiyo uachwe rafuni, hata ukiwa wa bei nafuu.

Baada ya lebo, zikague punje zenyewe. Zimwage kiasi kwenye sahani nyeupe, na utaona kwamba mfereji wa katikati una utando wa kahawia, tofauti na ule mweupe-mweupe wa kahawa iliyooshwa, yaani iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa. Utaona pia punje chache zilizopauka, ambazo moto haukuzitia rangi kama wenzake: hizo zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa mabichi, na huacha ladha kavu ya karatasi mdomoni. Ziondoe kwa mkono kabla ya kusaga. Katika mfuko huu zilikuwa kidogo sana, dalili kwamba uchambuzi ulifanywa kwa makini.

Ninapoandaa, natumia gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji, kwenye kichujio cha V60, chenye umbo la faneli na karatasi ya kuchujia ndani yake. Punje za Ethiopia ni ndogo na hutoa vumbi jingi zinaposagwa, vumbi ambalo huziba karatasi na kuleta uchungu. Ndiyo maana nasaga kwa chenga kubwa kidogo kuliko kawaida, namimina polepole na sikorogi. Kwanza naloanisha unga kwa gramu 45 za maji, nasubiri sekunde 45, kisha naendelea mpaka dakika ya tatu hivi. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, kwa hiyo kuyatua kwa muda mfupi kunatosha kuyafikisha 92; aliye Mombasa, ambako huchemka kwenye nyuzi 100, asubiri zaidi.

Ikiwa moto, kahawa hii ina harufu ya forosadi na utamu wa zabibu kavu. Lakini mtihani wake halisi ni inapopoa, maana kahawa iliyochachuka kupita kiasi hujificha kwenye joto, kisha hutoa harufu ya fenesi lililopitiliza kuiva. Hii ya Uraga ilizidi kuwa safi kadiri ilivyopoa, na ukakasi wake mwepesi ukageuka kuwa mtamu zaidi. Naipendekeza bila kusita kwa anayekunywa kahawa tupu; kwa maziwa, harufu yake ya matunda hupotea, na fedha ya ziada uliyolipa hupotea nayo.