Niliomba fedora, nikauziwa trilbi

Nilipoiweka kofia yangu juu ya meza ya duka lile la katikati ya Kampala, niliilaza kichwachini, kama baba yangu alivyonifundisha, ili ukingo wake usiegemee kitu chochote. Kijana muuzaji aliigeuza bila kuniomba ruhusa, akaishika kwa kuibana mbele kwa vidole vitatu, akanisukumia juu ya meza kama mtu anayerudisha sahani chafu, kisha akasema, “Mzee, kofia ni kofia.” Ni miezi kadhaa sasa tangu siku hiyo, na hasira haijanitoka. Ninaandika ili anayetaka kununua kofia ya ukingo asidanganywe kama nilivyodanganywa mimi, na pia kwa sababu jambo lenyewe, la kuchagua baina ya fedora na trilbi, aina mbili za kofia hizo, linastahili maneno bora kuliko yale matatu niliyotupiwa.

Baba alikuwa askari polisi, nasi watoto wake tulilelewa katika kambi ya Naguru, ambako majirani walitoka kila pembe ya Uganda na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Alipostaafu alivaa kofia moja tu, fedora ya kijivu yenye utepe mweusi, na aliitunza kuliko viatu vyake. Hakuishika kamwe pale mbele penye vibonyeo viwili, kwa kuwa felti, kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, ikibanwa mahali pamoja kila siku, mwishowe hupasuka. Aliivua kwa kuishika ukingo kwa mikono miwili, taratibu. Kwa hiyo binti wa mdogo wangu, ambaye kwa mila zetu ni binti yangu, alipokuwa akifanyiwa sherehe ya kumkabidhi kwa wakwe, kwao Mbarara, niliamua kwamba safari hii nami nitavaa fedora. Huko Ankole, mzee anayesimama kuzungumza na wakwe bila kofia na fimbo huonekana kama aliyeondoka nyumbani kwa haraka.

Niliingia dukani, nikataja jina la kofia ninayoitaka, nikaulizwa nina fedha kiasi gani. Hilo pekee lingetosha kunitoa mlangoni, lakini sherehe ilikuwa karibu. Kijana alinipa kofia ya kahawia, akaapa kwamba ni fedora na kwamba ni ya manyoya ya sungura. Katika kile kioo chao kidogo, ambacho humwonyesha mtu uso tu, ukingo ulionekana mpana, kwa sababu ulikuwa umeinamishwa mbele na kuning'inia juu ya nyusi. Nililipa laki moja na themanini. Nilipofika nyumbani ndipo nilipochukua utepe wa mke wangu wa kushonea na kupima: sentimita nne, na nyuma ukingo umekunjwa kuelekea juu kabisa. Hiyo ni trilbi, wala haikuwa na namna nyingine ya kuitwa.

Watu wengi huzichanganya kofia hizi mbili kwa sababu hutazama vichwa vyake. Vichwa hufanana kweli: vyote vimebonyea katikati na kubanwa mbele pande mbili. Hata majina yake yana asili inayofanana, kwani yote mawili yalitoka jukwaani, kwa wahusika wa kike. La fedora kutoka tamthilia iliyochezwa Paris mwaka 1882, na la trilbi kutoka tamthilia iliyoonyeshwa London mwaka 1895. Tofauti iko kwenye ukingo. Fedora ina ukingo mpana, sentimita sita hivi au zaidi, tena laini, ambao mwenyewe anaweza kuushusha mbele au kuuacha ulale sawasawa kadiri ya jua na shughuli. Ukingo wa trilbi ni mfupi na umekwisha kuamuliwa na fundi: chini mbele, juu nyuma.

Msomaji anaweza kusema kwamba sentimita mbili si kitu. Mbarara zilikuwa kila kitu. Nchi yetu imepitiwa na Ikweta, na saa sita mchana jua husimama karibu na utosi, hivyo ukingo hufunika kile tu kilicho chini yake na hauongezi hata kidole. Ile trilbi ilinifunika paji la uso, basi. Pua, masikio na shingo viliwaka kwa muda wote ambao wasemaji wa pande mbili walikuwa wakijibizana, na shingo iliumia zaidi, kwa sababu ukingo uliokunjwa juu nyuma hauisaidii shingo kwa lolote. Wazee wenzangu waliovaa kofia pana walikuwa wametulia kwenye vivuli vyao wenyewe. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeazima kofia ya mwanangu. Najua hakukusudia kunidhalilisha, lakini neno hilo lilinichoma kuliko jua.

Alasiri mvua ikanyesha. Kutoka kwenye hema hadi kwenye gari hapakuwa na hatua mia moja, nami nikalowa. Nilifanya kila nilichofundishwa: niliigeuza nje ile ngozi ya ndani inayozunguka kichwa, nikaisimamisha kofia juu ya ngozi hiyo ili ukingo usiguse meza, nikaiweka mbali na moto na jua, nikaiacha siku mbili. Ilipokauka haikuniingia. Felti ya manyoya ya sungura huvumilia mvua ya namna ile. Felti ya sufu ya kondoo, hasa ya bei rahisi, husinyaa na kupoteza umbo. Kwa hiyo nilikuwa nimedanganywa mara mbili katika kofia moja.

Hapo ndipo niliporudi dukani, na yakatokea yale niliyoanza nayo. Sikudai fedha zote. Nilitaka ama nibadilishiwe, ama nisikie mtu akikiri kwamba aliniuzia kitu kwa jina lisilo lake. Kijana alinijibu kwamba mvua haikutoka dukani kwake, kwamba ningeikausha haraka juu ya sigiri, lile jiko la makaa, isingesinyaa, kisha akamalizia na yale maneno yake. Juu ya sigiri! Joto ndilo linaloiua kofia iliyolowa kuliko mvua yenyewe, na mtu anayekula mkate kwa kuuza kofia alikuwa akinielekeza kuimalizia kwa mkono wangu. Nilimwambia, “Mwanangu, mimi ni mteja wako, na nina umri wa baba yako.” Alikuwa amekwisha kuangalia simu yake. Mwenye duka alikuwa nyuma, amesikia yote, na hakunyanyua kichwa.

Kwa hasira ile nilikwenda moja kwa moja soko la Owino, kwenye vibanda vya mivumba, yaani mitumba, na mama mmoja alinitafutia fedora halisi ndani ya marobota yake kwa subira ambayo sitaisahau. Aliniita ssebo, yaani bwana, akanipima kichwa kwa uzi juu kidogo ya masikio, akanipa kofia tatu nizijaribu moja moja nje, kwenye mwanga. Niliyoichagua ni ya kijivu, imekwisha kuvaliwa na mtu nisiyemjua, ina doa dogo karibu na utepe, na nilinunua kwa shilingi elfu thelathini na tano. Mchana wa Kampala nimekuwa nikitembea chini yake kama mtu aliyebeba kivuli cha mwembe. Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa wazi: nunua fedora, na trilbi waachie wanaoishi kwenye jua hafifu.

Lakini haki lazima isemwe, hata kama inaninyima raha ya kukasirika. Fedora ndani ya teksi, yale mabasi yetu madogo ya abiria, ni mateso. Ukiegemea kiti, ukingo wa nyuma unagota na kofia yote inasukumwa mbele hadi puani. Ukiivua, huna pa kuiweka ila magotini, na abiria wa pembeni ana mizigo yake. Kwa kuwa kila wiki nasafiri kwenda Jinja, mashariki ya Kampala, na kurudi, nililazimika kuifikiria upya ile trilbi iliyosinyaa. Niliishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka felti ikalainika, nikaivisha juu ya kibuyu chenye ukubwa wa kichwa changu, nikaiacha usiku kucha. Ilifunguka, si yote, lakini ilitosha kuvalika. Kutoka Jinja kuja Kampala, saa kumi na moja jioni, jua huwa usoni kabisa, chini, na kwa jua la namna hiyo ule ukingo mfupi ulioinama mbele hufanya kazi yake vizuri sana, wakati nyuma hakuna kinachogota kwenye kiti. Safari ya kwanza nilifika nikiwa nimelala usingizi, kofia ikiwa mahali pake.

Basi siwezi tena kusema kwamba trilbi ni kofia mbaya. Ningeombwa leo kuchagua moja tu, ningechukua fedora, kwa ajili ya shingo yangu na kwa ajili ya baba. Lakini kama ningepata trilbi ya manyoya ya sungura kwa bei ya kweli, ningeinunua bila kusita, na huenda ningeivaa mara nyingi zaidi. Ninachokikataa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine na kisha kuambiwa kwamba hakuna tofauti.

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka lile. Kwenye dirisha zimepangwa trilbi tano za rangi mbalimbali, zote zimelalia kingo zake, na kikaratasi kilicho chini yake bado kinasema fedora.