Samaki wa mezani ofisini: kabla hujamnunua, angalia kiyoyozi kinapuliza wapi

Samaki wangu wa kwanza, aina ya faita, alidumu wiki tatu. Nilimnunua Kariakoo, wa bluu, mkia unapepea kama ushungi, shilingi 15,000 pamoja na bakuli la kioo na vijiwe vya rangi. "Dada yangu, huyu hana shida," muuzaji aliniambia huku akifunga mfuko wa maji kwa mpira. "Hataki umeme, hataki pampu. Anataka joto tu, na Dar joto ni la bure." Nikapanda daladala hadi Posta, mfuko nimeupakata kama mtoto mchanga.

Wiki ya kwanza alizunguka vizuri. Ya pili akawa analala chini, mapezi ameyakunja. Nikambadilishia maji, nikambadilishia chakula. Mwenzangu wa meza ya jirani akasema samaki amepigwa jicho, maana kila aliyeingia alikuwa akimsifia. Ya tatu, Jumatano asubuhi, nikamkuta ubavu juu. Ni baada ya msiba ndipo nilipotumbukiza kipimajoto kwenye lile bakuli, ambalo lilikuwa bado mezani na maji yake. Nyuzi 20. Nje ya dirisha watu walikuwa wanajifuta jasho.

Muuzaji hakudanganya kuhusu Dar. Ila mimi sikumpeleka samaki Dar, nilimpeleka ofisini, na ofisini kwetu bosi anaweka nyuzi 18 kana kwamba tunahifadhi nyama. Tangu hapo kila anayeniuliza anunue samaki gani namuuliza kwanza kiyoyozi chao kinapuliza upande gani. Rangi ya mapezi, umbo la tangi, kama vijiwe vitaendana na zulia, hayo utayaona mwenyewe dukani, una macho.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa naye anapoa, tumbo linasaga chakula polepole, kinga inashuka, na ndipo yale madoa meupe kama punje za chumvi yanapoanza kumtokea mwilini. Bakuli lililo wazi chini ya kiyoyozi hupoa hata kuliko hewa ya chumba, kwa sababu maji yanatoka mvuke muda wote na mvuke unaondoka na joto, kama jasho linavyokupoza mgongo ukipigwa na upepo. Na kibaya zaidi ni kupanda na kushuka. Saa kumi na moja jioni kiyoyozi kinazimwa, usiku chumba kinapanda hadi nyuzi 28 au 29, asubuhi saa mbili mtu anabonyeza rimoti na tunarudi kwenye baridi ya Makambako. Tangi la lita 200 lingebadilika taratibu. Lita tano hubadilika kama chai kikombeni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimajoto, cha bei ndogo tu. Weka chombo cha maji pale pale unapotaka tangi likae, si kwenye meza ya mwenzako. Pima asubuhi ukifika, pima alasiri, na usiache kupima Jumatatu kabla kiyoyozi hakijawashwa. Ukishapata namba zako ndipo usome yanayofuata.

Namba moja kwangu bado ni faita, ila faita mwenye hita. Asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga na mitaro ya maji yasiyokwenda kasi, na ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji moja kwa moja. Umeme ukikatika na pampu ikinyamaza, yeye anapanda juu, anagugumia hewa, anaendelea na maisha. Ni samaki wachache wa dukani kwetu wanaoivumilia Dar kwa namna hiyo. Anataka nyuzi 24 hadi 28, lita 10 kwa uchache, na mimi nasema 20. Dume akae peke yake, maana jina faita hakupewa kwa utani. Tangi liwe na kifuniko, anaruka. Filta iwe ya sponji, inayotoa mapovu polepole, kwa sababu mkia ule mkubwa ni mzigo kwenye maji yanayosukumwa. Chakula ni punje chache kwa siku, na Jumamosi na Jumapili asile kabisa, hafi. Atakayekufanya uzike samaki ni mtu wa uhasibu anayemrushia makombo ya maandazi.

Kwenye hita sina aibu, nina upande. Nunua Eheim, ile Jäger ya kioo, ndogo yake ni ya wati 25. Hawanilipi wala hawanijui. Ina kitasa cha kuchagua nyuzi, unaweza kuirekebisha ilingane na kipimajoto chako, na maji yakifika joto ulilotaka inajizima yenyewe. Hapo kwenye kujizima ndipo penye habari yote. Vile vihita bapa vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya bakuli, vingi havipimi chochote. Vinapasha tu, mchana na usiku. Jumatano kiyoyozi kikipuliza unaona vimekusaidia. Jumapili chumba kikiwa kimefika nyuzi 29 vinaendelea kupasha, na Jumatatu unakuta supu. Msomaji mmoja wa Upanga aliniandikia kwamba hita yake "ilifanya kazi vizuri sana" lakini samaki wanakufa wikendi tu, akashuku mlinzi. Mama, mlinzi hana kosa.

Namba mbili ni gapi, madume matupu. Nasisitiza madume, kwa sababu jike huzaa watoto hai takriban kila mwezi, na akishapandwa mara moja anaweza kutunza mbegu na kuzaa tena bila dume kuwepo. Ukinunua "jozi" kama muuzaji atakavyokushauri, baada ya miezi mitatu utakuwa unagawa samaki kwenye vikao. Dume unamtambua kwa mkia wa rangi na mwili mwembamba. Watano kwenye lita 30 wanatosha. Wametoka Trinidad na kaskazini ya Amerika Kusini, wanavumilia baridi kuliko faita, na kama kipimajoto chako hakishuki chini ya nyuzi 22 wanaweza kuishi bila hita. Maji magumu wanayapenda, hata chumvi kidogo haiwasumbui, kwa hiyo kama jengo lenu linavuta maji ya kisima hawa hawatalalamika. Kinachowashusha hadi nafasi ya pili ni umeme, pampu ikizimika muda mrefu wanabaki juu wakihema.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Kuna samaki mdogo wa fedha na mapezi mekundu, asili yake Mlima Baiyun, pale Guangzhou, anayependa maji ya nyuzi 18 hadi 22. Kwa ofisi ambayo kiyoyozi hakizimwi, huyu ndiye mwenyewe. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Guangzhou kila msimu, wanarudi na mapazia, kava za simu na vishikizo vya nywele. Samaki huyu sijawahi kumwona Kariakoo hata siku moja.

Nafasi ya tatu nampa mtu wa nyumbani, na ingekuwa moyo unapanga angekuwa wa kwanza. Ndani ya Ziwa Tanganyika kuna samaki wenye milia, jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, jike ana sentimita tatu hivi, dume hafiki tano. Wanaishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Kila mmoja ana kombe lake, anachimba mchanga kulizunguka, na ukisogeza kidole anakujia juu kama mwenye shamba. Ukiwa nao mezani hufanyi kazi. Lakini ziwa lile ni kubwa na la kina, joto lake halichezi, nyuzi 24 hadi 27, na maji yake ni magumu yenye magadi. Panda-shuka ya ofisini itawaua mapema kuliko faita. Wanahitaji lita 40, hita ya kweli na meza isiyoyumba, maana lita 40 ni kilo 40 kabla hujaweka mchanga. Niliwaulizia duka moja nikaambiwa niache oda, wataletwa kutoka Ulaya. Samaki wa ziwa letu wenyewe! Na bei niliyotajiwa ningepanda treni hadi Kigoma, kwenda na kurudi.

Samaki wa dhahabu kwenye bakuli, hapana. Yeye baridi ya kiyoyozi haimtishi kabisa, ila anafika sentimita 20, anachafua maji kama bata, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 ukimpa nafasi ambayo huna. Wengine wa bei ya chini wanaouzwa kwenye vikombe vya juisi, sina la kuwaambia.

Na usinunue tangi na samaki siku moja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na bakteria wanaoila huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji, zaidi hapo penye baridi. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, kisha kila wiki badilisha robo. Wauzaji wanayajua haya. Nimewasikia wakiyaeleza kwa wateja wanaorudi na samaki wa tatu au wa nne, si kwa anayekuja mara ya kwanza.

Bei nayo ina mambo yake. Nilikwenda kuulizia hita nikitoka kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni, nikaambiwa 85,000. Kesho yake nikamtuma kijana wetu wa mapokezi, amevaa kandambili na jezi ya Yanga, duka lile lile, hita ile ile, akarudi nayo kwa 60,000 na chenji ya soda. Kitambulisho vueni.

Sasa nina faita mwekundu, huu ni mwezi wake wa tisa mezani kwangu. Hita ameizoea, kifuniko kipo, tangi nimelihamishia upande wa kabati ambako upepo haufiki. Kilichobaki ni swichi kuu ya ghorofa, ambayo mlinzi huizima kila Ijumaa saa mbili usiku. Wikendi hita haina kazi, lakini sponji ikikaa siku mbili bila hewa wale bakteria wa wiki sita wanaanza kufa. Nimepata soketi moja iliyo kwenye laini ya jenereta, nyuma ya friji ya vinywaji, na nimebandika karatasi juu yake: "Mzee, shikamoo. Hii usizime, kuna mtu anaitegemea." Wiki iliyopita nimekuta amejibu kwa kalamu nyekundu, chini yake: "Marahaba. Anakula nini?"